Mkono wa Mtani Ukutani

1

Ukuta wangu uliua mtu kwa mara ya kwanza siku ya gulio, asubuhi, mimi nikianika maharage uani. Nilisikia shoka likigonga upande wa stoo, mara moja, mara ya pili, kisha sauti kama ya mtu aliyemeza uji wa moto, kisha kimya. Nilipozunguka nyuma nikamkuta mwanamume nisiyemjua amesimama wima, kifua kwenye lipu, mikono inaning'inia. Miiba mitatu ya kioo ilikuwa imeingilia kifuani ikatokea mgongoni. Ukuta ukaivuta taratibu, mmoja baada ya mwingine, na ule wa mwisho ulipotoka mtu yule akakaa chini, akaniangalia, akafa.

Mtategemea niseme nilipiga yowe. Sikupiga. Nilikasirika. Alikuwa amenitobolea ukuta shimo la kupitisha kichwa cha mbuzi, na mimi jana yake tu nilikuwa nimeulisha uji wa mahindi ambayo tungekula wenyewe. Hasira ilipopoa ndipo nikaona mbavu zake zinavyohesabika chini ya shati, na kimfuko cha nailoni alichokuja nacho, kidogo, cha kubebea unga wa siku moja. 

Osmundi alikuwa juu ya paa langu anaziba matundu ya misumari kwa lami. Akashuka, akamwangalia marehemu, akaniangalia mimi.

"Mhehe," akasema, "nyumba yako imeota meno. Wewe mwenyewe yako yamebaki mangapi?"

Mtu wa mbali angeona hana adabu. Lakini Osmundi Ngonyani alikuwa Mngoni, na mimi Blandina ni Mhehe, na babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wajukuu wao wachinjane kwa maneno. Huo ndio utani wetu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, ya kuingia jikoni akaondoka na kuku, na wewe huruhusiwi kununa. Na ukifa, mtani ndiye anayechimba kaburi na kuwachekesha wafiwa, maana ndugu wanakuwa hawajiwezi. Basi alinichekesha. Nilicheka huku machozi yananitoka. Yeye akamvua marehemu viatu, akamnyoosha miguu, akamfumba macho kwa kidole chenye lami, akaenda kutafuta koleo. Tulimzika nyuma ya mianzi yangu, kwa sala fupi, bila jina.

Jioni ya siku hiyo shimo la shoka lilikuwa limeshaziba.

Lipu hai ndivyo ilivyo. Ilikuja kwenye mifuko kama ya saruji, kutoka kiwanda fulani cha pwani. Ndani ya unga ule mna vijidudu vinavyokula wanga na chumvi, na vinavyogeuza mchanga kuwa kioo. Unachanganya na udongo mwekundu na uji mwepesi, unakandika nyumba, na ikikauka inakuwa na mishipa kama jani. Ikipasuka inajiziba yenyewe. Mchwa hawaiwezi, mvua ya mawe haiiwezi. Watu waliinunua kwa ajili hiyo tu, kukwepa karaha ya kumbembeleza fundi kila mwaka. Habari ya miiba iliandikwa chini kabisa ya mfuko, kwa herufi za sisimizi, na hakuna aliyeijali mpaka mvua zilipogoma, barabara ya mjini ikakatika, na watu wakaanza kuvunjiana stoo. Hapo ndipo tulipojua kwamba mgeni akiigusa lipu kwa upole inamwasha tu kama upupu, ila akiipiga au kuisukuma kwa nguvu anapata alichokipata yule mwenye shoka.

Jambo moja kiwanda kilisisitiza: lipu isiribwe kwa mikono ya wenye nyumba peke yao. Ikiwa mbichi inashika jasho la viganja, na kila kiganja ilichokishika inakihesabu ni cha nyumbani, popote kitakapoigusa. Ikishakauka haipokei kipya. Mlango nao ni wa lipu hiyohiyo, hauna kitasa wala komeo. Unaweka kiganja, unafunguka. Mwiko wa fundi msiutumie, walisema, maana chuma hakitoi jasho, na ukuta hautamjua aliyeushika.

Sasa niambieni, nani hapa Itengulo amewahi kusiriba nyumba peke yake? Ukishakanyaga udongo tu, majirani hao. Wanakuja na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, wanaimba, wanakumalizia nyumba kabla jua halijapinda, na ukiwazuia ni kama umewaambia hutaki waje kukuzika. Basi nyumba yangu ilisiribwa na kitongoji kizima. Osmundi alifika amechelewa na ameshalewa. Aliingia stoo, akapiga kiganja chake cha kulia kwenye lipu mbichi kando ya mlango, vidole vimetanuka, akakiacha hivyohivyo bila kukilainisha. Akatangaza kwamba nyumba hii kuanzia leo imetekwa na Wangoni. Mkewe Edeltruda akamzaba kofi la mgongo, na sisi wengine tukacheka mpaka ulanzi ukatutoka puani. Nyumba zote za Itengulo zilisiribwa namna hiyo.

2

Msinione mchoyo. Nilichokuwa nacho stoo nilikiweka akiba miaka ile ambayo wengine walininanga kwa ubahili: mahindi yaliyochanganywa na majivu, maharage, chumvi ya mawe, mafuta ya taa, viberiti vilivyofungwa kwa nailoni, sabuni za mche, misumari, mbegu ambazo sikuthubutu hata kuzitazama kwa njaa. Kila asubuhi nilipima ya kwetu na ya ukuta, kwa sababu ukuta nao ni mdomo, usipoulisha unalegea na miiba inakuwa laini kama kamasi. Na kati ya yote hayo kulikuwa na mwanangu Sevelina, aliyerudi kutoka mjini na kichanga mgongoni kabla barabara haijakatika. Mumewe hajarudi mpaka leo. Sevelina akila, maziwa yanatoka. Akikosa, mtoto ananyonya ngozi. Mahesabu yangu yote yalikuwa hayo.

Kisha wakaja waliojiita Wakaguzi wa Akiba. Kiongozi wao alikuwa mtu mpole wa maneno, mnene kidogo katika nchi ya watu waliokonda, na kila mtu alimwita Mkaguzi. Hawakuhangaika na mashoka. Walikuwa wameshaelewa jinsi sisi watu wa huku tunavyojenga. Walichotafuta ni kujua nani alimsaidia nani kusiriba.

Kwa binamu yangu Erasto walifika na shemeji yake. Shemeji aligoma, basi wakamlaza juu ya kinu, wakamkata mkono kwenye kiwiko, wakaubandika mlangoni ungali wa moto. Mlango ukafunguka kama kawaida. Erasto na wanawe walikuwa na mapanga nyuma ya mlango, na wale wakaguzi walikuwa na mapanga mengi zaidi. Niliwaosha mimi, maiti za Erasto na wanawe, na kuna sehemu hatukujua ni ya nani tukazika pamoja.

Lakini kwa mama Luhanga ilikuwa vingine. Yeye alifungua mwenyewe. Wakachukua kila kitu mpaka ufagio, wakamuaga vizuri, hawakumgusa hata unywele. Sasa anazunguka kuomba makapi, na kitinda mimba wake ameshazikwa. Kumbukeni hilo la mama Luhanga, maana mimi silisahau.

Sevelina aliposikia ya Erasto alichukua tindo na nyundo akaziweka mbele yangu. Akataka tukwangue viganja vyote vya watu wa nje. Inawezekana, unachimba mahali mtu alipoweka mkono mpaka ufikie tofali, unamwagia maji ya magadi, mishipa inakufa pale, na habari inasambaa nyumba nzima kwamba huyo si wa kwetu tena. Nikamwambia hatutafanya hivyo. Akaniuliza kwa nini. Nikasema aliyetusiribia ni mama Luhanga, ni marehemu Erasto, ni fulani na fulani, na walio hai ndio watakaobeba jeneza langu.

"Mama, hizo ni alama. Si watu," akasema.

"Ni watu," nikamjibu, na mjadala nikaufunga hapo. Nilikuwa mkaidi, na nilijiona nina utu kuliko yeye.

Osmundi naye hakuniacha. Kesho yake alikuja kupigilia bati lililoinuliwa na upepo, na alipomaliza akakaa kizingitini akaniuliza kama nimeshamkwangua. Nikamwambia mkono wake ni mchafu mno, nitahitaji magadi ya wilaya nzima. Hakucheka. Sijawahi kumwona Osmundi ameachiwa sentensi kama ile halafu asicheke.

Akaniambia polepole kwamba amekwenda kuona mlango wa Erasto. Ukuta, alisema, hausomi kucha wala mgongo wa mkono, unasoma kiganja kilichotanuka. Wale hawatakata tena mkono, kwa sababu ukikatwa unapoa haraka, na kwa Erasto nusura mlango ugome. Safari ijayo watamleta mtu mzima mzima. "Wakinishika mimi nitafumba ngumi," akasema. "Wewe uko ndani, una tindo. Mimi nitafumba mpaka uniambie."

Nikamwambia anyamaze, Mngoni mzima anaogopa wezi wa unga, babu zake wangejificha makaburini kwa aibu. Akainuka, akapita jikoni, akachukua kiazi cha kuchemsha kilichokuwa changu, akaondoka anatafuna.

3

Walikuja asubuhi, watu wanafagia nyua zao. Nilikuwa stoo naulisha ukuta. Juu ya mlango wa stoo kuna kidirisha cha hewa, upana wake kama sahani, nikapanda juu ya debe, na kwa hicho niliona yote.

Mkaguzi alitangulia, amevaa kofia safi. Nyuma yake wanaume wanne, watatu wanamkokota Osmundi. Sikio la kushoto halikuwepo. Shati lote upande huo lilikuwa limegeuka jeusi, na mguu mmoja ulikuwa unaburuzika umeelekea upande usio wake. Edeltruda aliwafuata kwa magoti, yule wa nne amemshika kilemba pamoja na nywele. Nyuma ya uzio niliziona nyuso za majirani zimejipanga. Kila mmoja aliyekuwa pale alikuwa na kiganja ndani ya nyumba yangu, na kila mmoja alimshukuru Mungu kwamba hakuchaguliwa yeye. Siwalaumu.

"Shikamoo, mama," akasema Mkaguzi.

Na mimi, kwa mazoea tu ya mdomo, nikaitikia marahaba. Mpaka leo inanichefua.

Akanieleza shauri lake bila haraka. Nifungue mwenyewe. Wachukue walichokuja kuchukua, mzee huyu arudi kwake na mkewe, akaungwe mguu. Yeye haui mtu aliyefungua, na nikitaka shahidi nimuulize mama Luhanga. Nikikataa, mzee huyu atafungua badala yangu, na atakayekutwa ndani ajihesabu kama Erasto. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya zahanati.

Sikufungua. Wakamburuta Osmundi mpaka mlangoni, nikampoteza machoni kwa sababu alikuwa chini yangu kabisa, nikabaki naona utosi wake wenye mvi na mkono wa kulia umenyooshwa na watu wawili. Alikuwa amefumba ngumi.

Wakamwambia afumbue. Akawatukana mama zao. Mmoja akatoa nyundo, wakaegemeza ngumi kwenye jiwe la kizingiti, wakapiga. Nilisikia vifundo vikivunjika, nasikia mpaka sasa nikikanyaga kuni kavu. Osmundi alipiga ukelele ambao sikujua mtu mzima anao. Ngumi haikufumbuka. Wakapiga tena. Edeltruda alikuwa anawaambia, "Hamjui jina lake? Muiteni kwa jina lake basi," maneno yasiyo na maana, anayarudia.

Katikati ya kelele zile Osmundi akainua uso akanitafuta kidirishani. Mdomo ulikuwa umejaa damu, ila sauti ilikuwa ileile ya ulevini.

"Mhehe mla mbwa!" akapiga kelele. "Nimekurudishia nyumba yako mbovu! Siitaki tena! Toa mkono wangu humo!"

Wakaguzi wakacheka. Waliona mzee kashapoteza akili kwa kipigo.

Sevelina alikuwa amesimama nyuma yangu, mtoto kifuani, na uso umekuwa wa kijivu. Yeye ndiye aliyeniletea tindo wiki iliyopita, na yeye ndiye sasa aliyeikanyaga kwa mguu nisiichukue. Akaniambia nifungue. Akasema huyo ni baba Osmundi, aliyembeba mgongoni kuvuka mto siku ya kipaimara chake ili gauni lisilowe. Akasema tutakula majani, tutakula mizizi ya mianzi, watu wameishi kwa hayo. Nikamwangalia mtoto. Alikuwa amelala, mdomo unafanya kazi ya kunyonya bila titi. Nikamwona kitinda mimba wa mama Luhanga, jinsi alivyokuwa mwepesi kwenye kile kisanduku cha sabuni.

"Toa mguu," nikamwambia Sevelina.

Nilianza kuchimba kwenye kidole gumba cha ile alama ya Osmundi. Lipu haikunipiga, inanijua, ila ilitetemeka chini ya kiganja changu cha kushoto kama ng'ombe anayekamuliwa ana kidonda. Vipande vikanirukia usoni. Nikachimba kidole cha shahada, cha kati, kile cha pete ambacho alikuwa nacho kifupi tangu msumeno ulipomla. Kila nilipopiga tindo ndani, na wao walipiga nyundo nje, na ilifika mahali sikujua ni pigo la nani linalomfanya alie. Nilipofika tofali nikamwagia magadi. Ikatoka harufu kama ya nywele zilizoungua. Mishipa ile myeupe ikawa kahawia, ikawa myeusi, na weusi ukatembea ukutani hadi mlangoni, ukafika kwenye bawaba, ukatulia.

Basi ilikuwa tayari. Ukuta haukumjua tena.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu watu wameyasimulia haya kwa namna ya kunipunguzia. Wanasema nililazimishwa. Wanasema yeye ndiye aliyetaka. Alitaka, ni kweli, lakini alikuwa amefumba ngumi, na angeendelea kuifumba. Mlango ulikuwa pale, na kiganja changu mimi bado kilikuwa kinaufungua. Ningeweza kukiweka. Pengine Mkaguzi angetimiza ahadi, kama kwa mama Luhanga, na Osmundi angeishi na mkono mbovu na mdomo mchafu, na tungegawana njaa. Sitajua kamwe kama mjukuu wangu angekufa. Nilikuwa najua tu nani atakufa upande wa pili, na nilikuwa nampenda. Nilimpenda Osmundi kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, niseme wazi, maana akiwa hai sikuwahi kumwambia ila matusi.

Nikapanda tena juu ya debe, nikaweka mdomo kidirishani.

"Mngoni," nikasema. "Fumbua mkono."

Aliniangalia. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kubeba gunia. Kisha akatanua ule mkono, kidole kwa kidole, jinsi ulivyovunjika, na vingine alivisaidia kwa meno.

Mkaguzi alifurahi mwenyewe. Alisogea, akamshika kiwiko kwa mikono miwili, akakigandamiza kiganja mlangoni, na wenzake wawili wakaweka mabega nyuma yake wasukume.

Ukuta uliokwanguliwa unakuwa na hasira. Hakukuwa na miiba mitatu safari hii. Mlango wote ulijaa miiba kwa mkupuo mmoja, kutoka kizingitini hadi juu, na nyumba nzima ikatikisika hadi kihenge cha mahindi kikapasuka. Mkaguzi aliingiliwa jichoni na shingoni na tumboni, akabaki amesimama na kofia yake. Wa kushoto alichomwa mapajani yote mawili, akajaribu kujichomoa, akajipasua zaidi, akafa anamwita mama yake. Wa kulia mwiba ulimpita koo ukatokea kisogoni. Waliobaki wawili walikimbia, na sasa majirani waliruka uzio. Walikuwa na mapanga na mipini ya majembe. Sikuona walichofanya pale kwenye mianzi, nilisikia tu, na kilichukua muda.

Osmundi alichomwa kiganjani, katikati kabisa, na kifuani mara mbili. Miiba ilipovutwa akaanguka kwa Edeltruda. Nilifungua mlango nikatoka, nikapiga magoti, nikamshika uso. Alikuwa anajaribu kusema kitu. Nilisogeza sikio, nikisubiri tusi. Damu tu ilitoka.

4

Sheria ya utani inasema mimi ndiye wa kumchekeshea wafiwa. Nikaenda. Nilivaa koti lake lenye lami, nikashika mbeta tupu, kile chombo cha mwanzi cha kunywea ulanzi, nikatembea kwa kuyumba kama alivyotembea yeye akirudi kilabuni, nikawaambia waombolezaji kwamba Mngoni huyu amekufa makusudi ili asinirudishie viazi vyangu. Utani mzuri. Siku nyingine watu wangegaragara. Watu walitazama chini. Mzee mmoja akakohoa, basi. Nikalivua koti nikalikunja, nikachukua jembe, nikachimba kaburi mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Hakuna aliyeninyang'anya jembe anipokee.

Ukuta ulijiziba kila mahali isipokuwa pale kwenye magadi. Pale hapajizibi, lazima pakandikwe upya kwa unga wa mfuko, na mfuko mmoja nilikuwa nao stoo. Nikakanyaga udongo uani. Nilikanyaga wazi, mchana, kila mtu anione.

Walikuja, sitaki kuwasingizia. Walikuja wote na ulanzi, wakakaa kwenye magogo, wakaimba zilezile nyimbo za kusiribia. Mama Luhanga alikuwepo, nilimpa unga akapokea. Sevelina alikoroga uji akanisogezea ndoo, kisha akamchukua mtoto wake, ambaye alikuwa anaanza kunenepa mashavu, akaenda kukaa na wenzake. Nilichota lipu. Nikawaangalia. Mikono ilikuwa kwapani, mikono ilikuwa chini ya kanga, mikono ilishika vikombe ambavyo havikuwa na kitu. Hakuna aliyetaka kuwa wa nyumbani kwangu. Nikawaelewa, na nikawachukia, na nikaanza kusiriba peke yangu, kama kiwanda kilivyoagiza.

Nilikuwa nimefika nusu ya shimo Edeltruda aliposimama. Nyimbo zikakatika. Alikuja mpaka kwenye ndoo, amevaa kaniki ya msiba, akainama. Moyo wangu uliruka, nakiri. Nilimsogezea ndoo kwa mguu. Nikajiandaa aniite mla mbwa, nikajiandaa hata anirushie ule udongo usoni, na ningempigia magoti kwa kunirushia.

Akatoa mwiko wa mumewe chini ya kaniki. Akachota kwa mwiko, akaibandika lipu pale pale kilipokuwa kile kiganja, akaivuta juu, akaivuta chini, vizuri, bila mkunjo, kama fundi wa kanisa. Alipomaliza shimo lote akaufuta mwiko kwenye majani, akaurudisha kiunoni. Hakuna tone lililomgusa ngozi.

"Pole na kazi, mama Sevelina," akaniambia, akapiga goti kidogo, kwa heshima zote, kama mtu anavyomuaga mgeni.

Miaka yote ile ya utani hakuwahi kuniheshimu hata siku moja. Nikasimama pale na udongo unanikaukia mikononi, nikimsubiri ageuke anitukane. Alifika kwake, akafunga mlango.